Stesheni Masta na Mji wa Mezani

Mtaa mzima wa Majengo ulimwita Stesheni Masta, na kwa miaka yote niliyoishi jirani naye pale Mpanda sikuwahi kumsikia mtu akimwita jina lingine. Hata mkewe, akitaka aje kula, alisema, "Stesheni Masta, ugali unapoa." Alikuwa amestaafu zamani kabla mimi sijafika mjini. Lakini treni ikipiga honi, popote alipokuwa alisimama, akaangalia saa ya mkononi, kisha akaguna. Mguno mfupi ulikuwa na maana kwamba imechelewa kidogo. Ukisikia mguno mrefu, ilikuwa afadhali usimsogelee mpaka anywe chai.

Mimi nilipanga nyumba ya pili kutoka kwake. Kwetu ni Mamba, huko Mpimbwe, na nilikuja mjini kuuza mchele wa nyumbani. Siku ya kwanza nilimpelekea kidogo aonje, kama ujirani unavyotaka. Alichukua punje chache, akazitafuna mbichi, akasema mchele ni mzuri ila mwenye mchele anaongea haraka sana. Tangu siku hiyo akaniita Mpimbwe, na mimi nikaamua kwamba huyu mzee ananifaa.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye shati lililonyooshwa na kufungwa vifungo mpaka kooni hata Oktoba, joto la Mpanda linapomfanya mbwa ahamie mtaroni. Chini sasa: kandambili, moja ya bluu na moja nyekundu. Ukimuuliza, alisema mguu hauna cheo. Alikuwa hivyo kwa mambo mengi, juu serikali, chini nyumbani.

Kitu alichokipenda kuliko vyote, ukimwacha mkewe, na hilo nalo sina uhakika sana, ni kibaraza chake. Alikijenga mwenyewe alipostaafu, ubavuni mwa nyumba. Kilikuwa kirefu, kimeinuliwa kwa saruji, na ukingo wake ameupaka rangi nyeupe ili mtu asianguke. Kulikuwa na benchi refu, meza, na kengele ya chuma inayoning'inia. Kwa kifupi alijijengea stesheni. Kuna mwaka alitokea mgeni kutoka vijijini na mfuko wake wa viazi na kuku wawili, akaketi kwenye benchi kimya. Mke wa mzee akampa maji, akanywa. Baada ya muda mrefu akauliza treni ya Kaliua inaingia saa ngapi. Sisi tulijificha nyuma ya nyumba tukicheka mpaka tunalia. Mzee hakucheka. Alimtajia mgeni saa ya treni, akabeba wale kuku, akampeleka hadi stesheni yenyewe, akamsubirisha mpaka akapanda.

Kibaraza kile kilikuwa na kasoro moja, na ni heri niiseme mapema, maana habari yote ya mtu huyu inaegemea hapo. Kilikalia njia. Kati ya ukingo wake mweupe na jiko la Mama Zawadi, jirani wa upande wa pili, palibaki upenyo wa kupita baiskeli, tena ukiikokota. Nyuma yao kulikuwa na nyumba nyingi. Watu wa nyuma walibeba mchanga kwa toroli, walibeba kabati kwa kulilaza, na mgonjwa walimtoa kwa kumshika mikono na miguu. Ukimgusia Stesheni Masta, alikujibu kwamba alipojenga, ile ilikuwa njia ya mbuzi, na mbuzi hakulalamika. Basi watu walinyamaza. Tulimheshimu, na heshima ikizidi nayo ni ugonjwa.

Sasa nije kwenye mchezo wa mezani tuliokuwa tunaucheza jioni pale kibarazani. Binti yake wa mwisho, anayefanya kazi Dodoma, alikuja likizo na boksi la rangi akasema, baba, hii ni ya kuchangamsha akili. Ndani mlikuwa na vipande vya mraba vya karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kila kimoja kimechorwa kitu: nyumba, duka, kiwanda, bustani, shule, hospitali, ghorofa, na barabara zinazokatiza. Kila mchezaji anachota vipande, anachagua kimoja, anakipanga mezani kando ya vingine. Ukiweka bustani karibu na nyumba unapata pointi. Ukiweka kiwanda karibu na nyumba unapoteza. Duka linataka nyumba nyingi kulizunguka. Vipande vikiisha mnahesabu, mwenye mji bora anashinda. Sisi tuliuita Mji, basi. "Jioni kuna Mji?" "Upo."

Nitausifia kwanza, maana ulitufaa. Haukuwa mchezo wa dau, kwa hiyo Hamisi muuza dagaa, mtu wa Karema anayeswali swala zake zote, aliukagua akaona hauna kamari ndani, akaketi. Haukuhitaji kusoma, picha zinajieleza. Mama Zawadi, ambaye kitabu chake ni sufuria, aliuelewa kabla yangu. Ulianza na kwisha kabla ya giza. Na mlipomaliza, hata ukishindwa, pale mezani palikuwa na mji, mmeujenga nyie, una mitaa na shule, na mnainama wote kuuangalia mkionyeshana nani anakaa wapi. Drafti haikupi hilo. Ukishindwa drafti unaona kichapo tu.

Lakini kasoro ulikuwa nazo, na Stesheni Masta aliziona zote wiki ya kwanza. Ya kwanza, sheria za boksini zilisema kila mtu ajenge mji wake mbele yake. Aliposomewa hivyo alitikisa kichwa. Akasema hao walioutunga wanakaa meza moja bila kusalimiana, na mtu aweza kushinda bila kujua jirani yake amejenga nini. Akaifuta hiyo sheria. Tukawa tunajenga mji mmoja, kila mtu na upande wake, na ukitaka kuweka kipande kugusa cha mwenzako sharti upige hodi. Kwa mdomo kabisa: "Hodi." Mwenzako anasema, "Karibu," ndipo unaweka. Hawezi kukukatalia, ila anaweza kukuchelewesha. Hamisi alikuwa hodari wa kuchelewesha. Ukimpigia hodi, anauliza habari za nyumbani, habari za mchele, mama yako mguu umepona, wewe kipande kimekuganda mkononi.

Ya pili ilikuwa kufikiri. Mchezo ule unamruhusu mtu akae na vipande vyake mpaka nywele ziote mvi, na wengine mnabaki kuhesabu nzi. Hapo Stesheni Masta hakuwa na huruma. Mtu akizidisha, anagonga kengele mara moja. Ya pili ikilia, zamu imekwenda. "Treni haimsubiri anayetafuta viatu," alisema, na hakuna aliyepona, hata mwenyekiti wa mtaa siku aliyokuja kututembelea.

Ya tatu ni vitu ambavyo havikuwemo. Mji mzima, hakuna kanisa, hakuna msikiti, hakuna makaburi. Hakuna shamba. Mimi niliuliza hawa watu wa ghorofa wanakula nini, nikaambiwa wananunua dukani, nikauliza duka linatoa wapi, nikagongewa kengele. Baadaye mzee akachukua katoni la sabuni akakata vipande vya kwetu: kanisa, msikiti, mashine ya kukobolea mpunga, na reli. Hizo reli ndizo zilizoharibu mambo. Alizipa pointi nyingi kupita kiasi, na kwa bahati ya ajabu mara nyingi zilimwangukia yeye. Tulilalamika. Alisema asiyeipenda reli aende akaangalie mji usio na reli ulivyo. Alikuwa mtenda haki katika mambo yote ya dunia isipokuwa hilo.

Na ya nne, karatasi. Mchwa wa Mpanda hawachagui. Masika moja walikula hospitali na nusu ya shule, na tulicheza miezi mingi katika mji ambao mtu akiugua anapelekwa dukani.

Sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kwake mwenyewe, na aliitoa kama mahubiri. Nyumba haikai bila njia. Ukiweka kipande kikamzibia mwenzako barabara, unakitoa wewe, na pointi zake unazipoteza wewe, hata kama uliweka kwanza, hata kama hukujua. Alikuwa anainua kidole. "Anayekuja nyuma naye ana miguu." Nilimwona akimvunjia Hamisi ghorofa zima kwa sheria hiyo, na Hamisi alikaribia kulia. Halafu tulinyanyuka tukashuka kibarazani, tukajibana mmoja mmoja kwenye ule upenyo kurudi makwetu, na hakuna aliyesema neno. Mama Zawadi peke yake ndiye aliyekuwa anakohoa kidogo.

Mama Zawadi alistahili kukohoa. Alikuwa mjane, anakaanga mihogo na kuuza hapo hapo jikoni kwake, jiko la matofali mabichi na bati, na ndilo lililomlisha yeye na watoto wake. Ndiye pia aliyemshinda Stesheni Masta mara nyingi kuliko sisi wote. Hakuwa na hila. Aliweka nyumba, bustani, njia, nyumba, bustani, njia, huku anageuza mihogo yake kwa jicho moja. Akishinda, mzee anaguna mguno mrefu na kununua mihogo ya meza nzima. Walipendana sana wale wawili, upendo wa kugombana. Mumewe alipofariki, Stesheni Masta ndiye aliyesimamia mazishi mwanzo mpaka mwisho, saa kwa saa, na Mama Zawadi hakulisahau hilo.

Kisha wakaja wapima ardhi.

Mtaa wetu ulikuwa umejengwa kila mtu na akili yake, na sasa tulitakiwa kupimwa, kila kiwanja kijulikane na kila nyumba ifikiwe na gari. Mwenyekiti aliitisha kikao. Mpima alikuwa kijana mpole, mwenye kofia, akatueleza kwamba barabara ya kwenda nyuma lazima ipite pale kwenye upenyo, na upana unaotakiwa utachukua upande mmoja. Ama kibaraza, ama jiko. Upande upi, yeye hachagui, majirani wakubaliane wenyewe.

Hapakuwa na haja ya kukubaliana. Watu walianza kusema jiko kabla hajakaa. Jiko ni la tofali mbichi, jiko linahamishika, kibaraza cha mzee ni cha saruji, ni sehemu ya mtaa, wageni wanaelekezwa kwa kibaraza hicho. Hata wale wa nyuma walisema jiko. Nilimwangalia Mama Zawadi. Hakuwa na pa kulihamishia, kiwanja chake kilikuwa kinaishia pale pale kwenye ukuta wa jirani mwingine, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Akasimama, akafunga khanga vizuri.

"Mimi sina neno," alisema. "Mzee amenizikia mume wangu. Wachukue jiko. Mihogo nitaona."

Nilimkasirikia kila mtu pale, yeye akiwemo. Kisha wote tukamgeukia Stesheni Masta, tukingoja lile neno lake moja la kumaliza mambo. Alikuwa amekaa wima, vifungo mpaka kooni. Halafu akasema sentensi ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

"Nipeni muda nifikirie."

Watu walicheka. Hamisi alicheka mpaka akainamia magoti. Mimi pia nilicheka, lakini nikaona mzee anafungua kifungo cha juu cha shati, nikaacha.

Mpima akampa muda. Na mimi, kwa balaa langu, sikuuona mwisho wake. Wiki ile ile mpunga wa kwetu ulikuwa tayari, nikaenda Mamba kuvuna, na huko huko mambo yakanigeukia: mchumba aliyekuwa anasuasua akaacha kusuasua, nikaolewa Karema ziwani. Vitu vyangu vya Majengo alikuja kuvichukua kaka yangu, na kaka yangu ni mtu ambaye ukimuuliza umeona nini anasema ameona watu. Hamisi nilikutana naye forodhani mara moja. Alisema mzee haonekani, anacheza Mji peke yake ndani, mlango umefungwa. Hilo lilinitia huzuni kuliko ninavyoweza kuieleza. Mtu aliyetutungia hodi, anacheza peke yake.

Mwaka huu nilikwenda Mpanda mjini kumpeleka mtoto kliniki, na tulipomaliza nikachukua bajaji nikamwambia dereva anipeleke Majengo, kwa Stesheni Masta. Hakumjua. Nikamwambia kwenye kibaraza kama stesheni. Hakukijua. Nikamwelekeza mwenyewe kona kwa kona, na tulipokata ya mwisho, bajaji haikusimama pale ambapo bajaji zote zilikuwa zinasimama. Iliendelea. Ilipita katikati ya nyumba ya mzee na jiko la Mama Zawadi, ikapita bila kupunguza mwendo, na moshi wa mihogo ukatuingia usoni. Nikamwambia dereva simama, nikashuka na mtoto mgongoni, nikarudi kwa miguu.

Alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono nyuma, shati limenyooshwa. Amezeeka. Ubavu wa nyumba ulikuwa umebaki na alama ndefu ya saruji pale kilipong'olewa kibaraza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mpimbwe. Umechelewa," alisema, na akaguna, mfupi.

Alimwangalia mtoto, akamsifia kwamba haongei haraka. Kisha akanisimulia bila mimi kuuliza. Alisema alijifungia ndani na vile vipande. Alipanga mtaa wetu wote mezani, nyumba kwa nyumba, jiko la Mama Zawadi mahali pake, kibaraza mahali pake, akatafuta barabara inavyoweza kupinda ikaviacha vyote viwili. Akapanga na kupangua. Mkewe alikuwa anapita na kurudi, mpaka siku moja alisimama mlangoni akamuuliza ile meza ya kibarazani angependa iwekwe sebuleni upande gani. Ndipo akajua kwamba mkewe ameshamaliza kufikiri kabla yake.

"Mzee," nikasema, "ulifanya vema."

"Sikutaka," alisema. "Usinisifie. Sikutaka hata kidogo. Siku wanaleta nyundo nilikwenda stesheni, nikakaa kule na abiria mpaka jioni. Niliporudi nilikuta Mama Zawadi amekaa kwenye kifusi analia, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze. Kibaraza changu, na kilio chake."

Tukacheka, na macho yake yalikuwa na maji. Aliniambia siku hizi wanacheza sebuleni, wamebanana kati ya makochi, joto, na Hamisi amevunja kiti. Hakuna upepo, hakuna anayepita akasalimia. Kwa kweli alikikumbuka kibaraza chake, alikiongelea kama mtu anavyomwongelea ndugu aliyehamia mbali. Nilimshika mkono. Tulikuwa bado tumesimama pale pale, juu ya mahali kilipokuwa.

Bajaji moja ikaja nyuma yetu imebeba matofali, ikapiga honi. Mzee hakusogea. Ikapiga tena. Dereva alikuwa kijana mgeni, kofia kageuza, akatoa kichwa nje.

"Mzee wangu, kaa pembeni basi. Hii barabara."

Tukasogea mpaka ukutani, bajaji ikapita na matofali yake kuelekea nyuma, ambako mtu alikuwa anajenga. Stesheni Masta akaifuata kwa macho mpaka ilipokunja. Kisha akanigeukia.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, baba. Hana adabu. Anakwambia ukae pembeni, wewe."

"Sio hapo. Baada ya hapo amesemaje?"

Nikafikiri. "Amesema hii barabara."

"Barabara," alisema. "Siyo tena njia ya mbuzi." Akanyoosha shati lake, akaangalia kona, na aliposikia bajaji nyingine inakuja kwa mbali, akaniachia mkono akarudi kusimama katikati.